Tulivyopika Ulanga Mikumi

Wanangu, nasikia kuna watu wamerudi kuchimba kule milimani, na nasikia nyie mnajipanga kuomba kazi. Wawili wenu walikuja hapa kibandani kwangu juzi, wakanywa chai, wakaniuliza, "Mama Perisi, kazi ya ulanga inalipa?" Nikawajibu kwa kikohozi. Sasa nawaandikia wote kwa pamoja, maana kifua hiki hakina nguvu ya kusimulia jambo moja kwa kila anayepita.

Shule yangu iliishia darasa la nne kule Mamboya, kwa hiyo atakayekuta kosa la mwandiko apite nalo kimya kimya. Ujana wangu wote niliumalizia katika karakana ya hapa Mikumi, tangu ilipokuwa mali ya shirika la umma mpaka siku ilipong'olewa. Aliyeing'oa ana jina, naye nitamtaja.

Kwanza mjue mnachokwenda kushika. Ulanga mnaujua, yale magamba yanayometameta kwenye mchanga wa mto, ambayo mtoto huyabandua kwa kucha, moja baada ya jingine, kama kurasa za kitabu. Wetu ulikuwa wa kahawia, laini, na katikati ya kurasa zake kuna maji yamefungiwa. Kwa macho huyaoni. Ukiutupa kwenye tanuru lenye moto mkali, maji yale yanatafuta pa kutokea, na jiwe linajinyoosha. Linajinyoosha mbele ya macho yako! Kipande kidogo kama kucha kinakuwa kirefu kama kidole, kinajipinda, kinatambaa juu ya makaa, na rangi yake inageuka dhahabu. Ndiyo maana sisi tuliliita jiwe jongoo. Siku yangu ya kwanza nilipoliona nilitupa beleshi nikakimbia mpaka barabarani, kwenye malori.

"Rudi, binti," fundi wa tanuru aliniita. "Halina meno hilo."

Huyo ndiye Mzee Kandidi. Baba yake alitoka Songea zamani kuja kukata mkonge Kilosa, akafia huko huko mashambani, na Kandidi hakuwahi kuiona Songea. Alikuwa mfupi, nyusi zimeungua zote, na moto wake aliulisha visiki vikavu vya mkonge na oili chafu aliyookota kwa malori, ikidondoka tone tone kwenye bomba. Alinifundisha mambo ambayo nyie mtafundishwa na watu wa ovaroli mpya, lakini yasikieni kwangu kwanza. Jiwe bichi usilitie motoni, litakurukia machoni. Usilipike mpaka likachoka, likizidi moto kurasa zinashikana na hapo umepata kifusi. Na asidi, wanangu, ndiyo inayomiminwa kwenye maji, taratibu, pembeni ya chombo. Ukifanya kinyume chake itakurudia usoni. Nilimwona mtu ikimrudia, na siwaambii zaidi.

Maana baada ya moto ilikuja asidi. Tulikuwa na tanki kubwa la mbao, ndani limevikwa mabamba ya madini ya risasi, kwa sababu asidi ile haiiwezi risasi. Lile tanki ndilo lililokuwa roho ya karakana. Mbao peke yake zingeoza, chuma kingeliwa, na risasi kama ile haikupatikana tena nchini. Tulitia magamba ya dhahabu, tukayaacha humo na asidi ya moto. Maji yakaanza kuwa ya manjano, halafu kijani, halafu rangi ambayo akina mama tuliipa jina nisiloweza kuliandika hapa. Ni chuma kinatoka. Kila kinachoyeyuka ndani ya jiwe kinatoka, kinabaki kitu kimoja ambacho asidi imekishindwa. Wataalamu wa shirika walikiita silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga na kioo.

Mtu angetegemea kukuta tope chini ya tanki. Nami nilitegemea hivyo. Kumbe gamba linabaki na umbo lake, kurasa zake zote zipo, ila sasa ni jeupe pee, na ukiliweka kiganjani hulisikii uzito. Nyumba imeibiwa kila kitu, kitanda, sufuria, mlango, na kuta zimesimama! Na kwa kuwa ndani ni vyumba vitupu, tena vidogo kuliko akili inavyoweza kufika, gamba lile lina kiu. Linakunywa maji, linakunywa harufu, linakunywa rangi. Ukilitia kwenye mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa Kilosa, yale meusi-meusi, ukatikisa, ukachuja, mafuta yanatoka yanang'aa mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Nimeifanya kazi ile miaka, na kila mara nilipochuja nilisimama kidogo kuangalia. Mtu akiniambia ameizoea, najua hakuwahi kuiona.

Sisi wanawake tulikuwa waoshaji. Gamba linaoshwa mpaka uchachu wa asidi uishe, na kipimo ni ulimi. Likichachua, rudisha majini. Likiwa limekwisha linanata mdomoni, linakunyonya mate, hulibandui kirahisi. Siku moja nilikwenda ibadani nimelisahau kwenye mdomo wa chini, mchungaji akadhani nimeota ukoma.

Shirika lilitununulia maziwa, kila mtu kikombe chake asubuhi, eti yanasafisha kifua. Kama yalisafisha, angalieni cha kwangu. Aliyeyaleta ni mama wa Kimasai, Namnyaki, kutoka maboma ya bondeni. Alikuwa akisimama mlangoni na vibuyu vyake, akitazama tanuru, anatikisa kichwa.

"Ninyi mnapika mawe," alisema. "Njaa yenu ni ya namna gani?"

"Yakiiva tutakuonjesha, Yeyo," Mzee Kandidi alimjibu, akimwita mama kwa Kimasai.

"Nibakizie mchuzi."

Basi ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuingiza bidhaa kutoka nje. Nyie mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua. Tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na ghafla kila kibanda cha Mikumi kina sabuni, viatu, redio, na mafuta ya kula ya kutoka nje kwenye madumu ya njano, meupe kama maji. Watu wakayapenda. Wakaanza kuyasema mafuta ya Kilosa kuwa ni ya kupaka bawaba. Wakamuaji wa alizeti wakaja karakana mbio: tusafishieni mafuta yetu, la sivyo tunafunga mashine. Mngedhani ndiyo ilikuwa neema yetu. Wiki hiyo hiyo tukaambiwa karakana imeuzwa.

Mnunuzi aliitwa Fulgensi Mtawali. Andikeni jina hilo mahali. Alikuja na pikapu nyeupe, suruali ina mkunjo wa pasi, akatukusanya mbele ya tanuru.

"Mimi si serikali," alisema. "Nipikieni mkupuo mmoja kwa ajili ya hao wakamuaji. Ukitoka mzuri, karakana inabaki na nyie mnabaki. Ukitoka mbaya, nang'oa risasi na chuma, nauza, kila mtu arudi kwao akalime."

"Kwetu wapi?" Mzee Kandidi aliuliza.

Watu walicheka. Yeye hakuwa anachekesha. Alikuwa amesimama na mkono juu ya ukingo wa lile tanki, anasubiri ajibiwe.

Mtawali aligeukia pikapu yake. Siku ile ile aliondoka na pampu yetu ya maji ndani ya pikapu, akamwacha mpwa wake asimamie. Mpwa aliitwa Sheshe, alikuwa utingo wa malori. Simlaumu kwa utingo, namlaumu kwa mengine. Hakuwahi kumpa Mzee Kandidi shikamoo hata siku moja. Alimwambia, "Vipi, mzee," na Mzee Kandidi alimwitikia, "Marahaba," kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika, mpaka ikawa mchezo wetu kusubiri waonane.

Sasa fikirieni kuosha ulanga bila pampu. Tulipika mkupuo ule vizuri, moto sawa, asidi sawa, magamba meupe kuliko yote niliyowahi kuyaona. Kilichobaki ni kuosha, na maji yako mtoni. Tulibeba ndoo kichwani kutwa nzima, na magamba bado yanachachua. Sheshe akaanza kuhangaika, maana mjomba ametuma habari kwamba atafika kabla wiki haijaisha.

"Nyie akina mama mnaosha kama mnaosha maiti ya mfalme," alisema. "Hebu niambieni. Maharage yakigoma kuiva, mnatia nini?"

"Magadi."

"Mtu akishikwa na kiungulia, asidi imempanda hadi kooni, mnampa nini alambe?"

"Magadi," tukasema.

"Sasa mbona mnanisumbua?"

Na hakuna aliyebisha. Nani abishe? Kila mmoja wetu alikuwa na magadi jikoni kwake, anajua yanavyoua uchachu. Mzee Kandidi alikuwa amekwenda kwenye malori kutafuta oili. Sheshe akanunua gunia zima dukani, tukahamishia magamba yote kwenye pipa la chuma, akamimina. Povu lilipanda likamwagika hadi miguuni.

"Tazameni!" Sheshe alipiga makofi. "Inaomba msamaha!"

Akaongeza. Povu lilipotulia akaongeza tena, halafu akataka moto chini ya pipa, yachemke kama maharage, yatoke laini. Yakachemka asubuhi nzima. Mchana nikatumwa kukoroga. Nikaingiza ubao, nikazungusha, nikaona ubao unakwenda bila kugusa kitu.

"Magamba yako wapi?" Sheshe aliuliza.

"Sijui. Hayapo."

"Yamezama."

"Yamezama wapi, kaka? Hili pipa au kisima?"

Akachungulia, akainama mpaka kifua kikaingia ndani ya mvuke. Maji yalikuwa yametulia, mazito kidogo, hayana hata gamba moja. Akageuka akatutazama.

"Mmeyaiba!"

"Tukayale na mboga gani?" mwenzangu mmoja alimjibu. Ule ulikuwa mkupuo wetu wote. Jiwe jingine halikuwepo.

Mzee Kandidi aliporudi, alimsikiliza Sheshe mpaka mwisho. Hakumtukana. Alichovya kidole pipani, akakisugua kwa kidole gumba, kikateleza kama kina sabuni. Akakaa chini juu ya dumu lake la oili, akavua kofia. Nilimwogopa kuliko kama angepiga kelele. Nilijua anafikiria lile tanki lake, na neno *kwao*.

"Asidi haikuyaweza," alisema mwishowe, "na magadi yameyala. Lakini kilicholiwa hakijaenda mbali. Kimo humu humu tumboni."

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo tuyatapishe magadi."

"Umewahi kufanya hivyo, Mzee?"

"Nifanye lini, binti? Umeona nani mwingine anachemsha ulanga na magadi?"

Akatia asidi kidogo kwenye ndoo ya maji, akaanza kumimina ule mchuzi ndani yake, kata moja, anasubiri povu lishuke, kata nyingine. Alikuwa anabahatisha. Povu liliposhuka mara ya mwisho, yakabaki maji tu kwenye ndoo, safi, hayana kitu. Sheshe akatema mate pembeni akaenda zake. Sisi tukabaki tumeinamia ile ndoo kama watu waliofiwa. Nilikuwa nimeshika kijiti nakoroga tu kwa kukosa la kufanya, na kijiti kikaanza kuwa kizito. Nikakiachia ili nijifute jasho.

Kijiti kilibaki kimesimama.

Maji yalikuwa yameganda, wanangu. Maji baridi, bila barafu, mchana wa Mikumi. Yameganda kama mtindi, lakini mtindi unaoona ndani yake, wenye samawati kidogo, na kijiti kimesimama katikati. Mzee Kandidi akagonga ndoo kwa kucha. Ikalia! Sauti nyembamba ikapita ndani ya ule ute, ikarudi, na ute wote ukatetemeka. Akagonga tena. Mwenzangu mmoja alifanya ishara ya msalaba, na yule ni Mwislamu.

Tuligandisha ndoo zote. Tukakata ute kwa kisu kama ugali uliolala, tukauosha kwa maji ya kubeba kichwani, safari hii hakuna aliyelalamika, tukautandaza kwenye mikeka kivulini. Ukaanza kunywea. Kila tulipoamka umepungua, ndoo nzima ikawa sahani, sahani ikawa konzi. Mwisho tukabaki na punje ngumu, zinapitisha mwanga, kama vipande vya kioo cha chupa vilivyolambwa na mto. Tukasikitika kwamba ni chache. Namnyaki akaja na maziwa, akaokota moja, akaiweka mdomoni kama anavyotuona sisi tukifanya.

Ilimnata. Akavuta, ikakataa.

"Jiwe linaninyonya!" alipiga kelele, macho yamemtoka, anacheka na kutukana kwa lugha yake. "Mimi nimenyonyesha watoto, nimenyonyesha ndama! Sijawahi kunyonywa na jiwe!"

Akaibandua kwa maziwa na kuitupa kwenye kikombe cha maji, na ndipo tukasikia. Kra. Kra-kra. Ile punje ilikuwa inakunywa kwa pupa hadi inapasuka, inarukaruka ndani ya kikombe, inatoa mapovu madogo kama pumzi. Ugumu wote ule, na ndani kulikuwa kutupu! Hakukuwa na gamba tena, hakukuwa na kurasa. Jiwe lilikuwa limekuwa maji, maji yakawa ute, ute ukawa jiwe, na kiu yake ilikuwa bado ipo, tena imezidi. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza nikatosheka. Nimewauliza hata wazungu wanaopita kwenda mbugani. Wananieleza vizuri sana, na mshangao wangu unabaki pale pale.

Tulisaga nyingine tukazijaribu kwenye mafuta ya Kilosa. Rangi haikutoka yote, lakini ule ukungu wote uliondoka, mafuta yakasimama kwenye chupa yanang'aa kama asali inayotazama jua. Mzee Kandidi alishika ile chupa kwa mikono miwili. Akasema, "Tumebaki." Aliniambia mimi, na nikamwamini.

Fulgensi Mtawali alifika na pikapu yake asubuhi ya siku iliyofuata. Nyuma yake kulikuwa na lori tupu. Hatukulijali, Mikumi ni mji wa malori. Mzee Kandidi alivaa shati lake la kanisani. Alimweka bwana kwenye kiti kivulini, akamwonyesha ile chupa, halafu akampa punje moja kiganjani na kikombe cha maji.

"Itie, Bwana. Halafu sikiliza."

Mtawali akaitia. Kra. Akashtuka, akacheka. Akasogeza sikio mpaka likakaribia kugusa maji, mtu mzima mwenye suruali ya pasi, amepiga magoti kwenye vumbi la karakana.

"Nipe nyingine," alisema. Akaitia. "Sheshe! Njoo usikie hii!" Akaomba ya tatu. Akaniuliza mimi, muoshaji, imetoka wapi, nikamwambia imetoka kwenye mlima ule pale, akautazama mlima, akaitazama punje, akautazama tena mlima. Nilikuwa karibu naye hatua moja. Nilimwona vizuri. Wanangu, uso ule naujua, ndio uso niliokuwa nao mimi mbele ya tanuru siku ya kwanza.

"Ni nzuri?" Mzee Kandidi aliuliza.

"Ni ajabu, mzee. Sijawahi kuona kitu kama hiki." Akainuka, akajipangusa magoti, akampungia mkono dereva wa lori. "Haya, pakieni."

"Bwana, ulisema ikitoka nzuri..."

"Nzuri sana. Lakini ile risasi nilishaiuza kabla. Lori limelipiwa, siwezi kulirudisha tupu."

"Uliiuza lini?"

"Mzee, usinichoshe. Ilikwisha kuuzwa."

Vijana wakashuka na mitaimbo, wakaingia kwenye tanki. Risasi ikiwa inabanduliwa haitoi kelele nyingi, inalalamika chini chini. Mzee Kandidi hakukaa kuiangalia. Alikwenda kusimama nje upande wa tanuru, amegeukia moto ambao haukuwa umewashwa. Baadaye alifia Mikumi, kwa mtu baki, na nyusi zake hazikuwahi kuota tena.

Watu hapa husema yule Mtawali alikuwa mshamba, hakujua alichokivunja. Wanamponda kwa wepesi tu, na nyie vijana mtasikia hivyo hivyo: bwana yule hakuelewa. Mimi nilikuwepo. Alitoa leso safi mfukoni, akachagua punje zilizo nzuri zaidi, akazifunga ili akawaonyeshe watoto wake. Vijana walipokuwa wanapita na mabamba ya risasi mabegani, njia yao ilipita katikati ya mikeka yetu, na yeye akainua mkono kuwasimamisha.

"Taratibu hapo," aliwaambia. "Angalieni msivikanyage hivyo vitu. Ni vizuri mno."

Nao wakapita kwa vidole vya miguu, mmoja mmoja, na risasi mabegani, bila kuponda hata punje moja.